Tuchangie Huduma za Maktaba Kabla ya Kujenga Jengo Jipya

Mada ya Kamati Ndogo ya Fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa Umoja wetu, Dar es Salaam

  

Kamati Ndogo ya Fedha tumepewa dakika ishirini kuzungumzia mchango wa mwaka huu, ambao mkutano uliopita uliamua uelekezwe kwenye maktaba ya wilaya yetu. Tunajua kwamba wengi wetu tulipotoka kwenye mkutano ule tulikuwa na picha moja kichwani: jengo jipya, bati la rangi, na jiwe ukutani lenye majina ya waliochangia. Leo tunakuja na pendekezo tofauti, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho kabla ya kupiga kura. Tunapendekeza kwamba kwa miaka mitatu ya mwanzo tusijenge chochote. Fedha yote iende kwenye huduma, ndani ya jengo lililopo.

Jengo tunalo, saa hatuna

Wote tunaijua maktaba yetu. Ni chumba kimoja kikubwa na stoo, meza sita, na rafu ambazo vitabu vyake vingi vimeshasomwa mpaka majalada yakaachia. Mkutubi ni mmoja, na anafanya kazi nzuri. Lakini ni mtumishi wa umma, na saa za kazi za serikali ni kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa anatoka darasani kati ya saa nane na saa tisa, kisha anatembea. Akifika mjini anakuta mlango unafungwa. Jumamosi, siku ya gulio, watu wa vijiji vyote wanashuka mjini na mlango umefungwa. Hapa hakuna wa kulaumiwa. Ni hesabu tu: saa ambazo maktaba iko wazi ndizo saa ambazo wanaoihitaji hawapo.

Jengo jipya halitabadilisha hilo. Tukijenga ukumbi mara tatu ya huu, nao utafungwa saa tisa na nusu.

Sisi wahasibu tumezoea kugawa bajeti katika mafungu mawili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Jengo ni matumizi ya maendeleo. Lina jiwe la msingi, lina mgeni rasmi, lina picha. Mshahara wa msaidizi, bili ya umeme, gazeti la leo na kitabu kipya ni matumizi ya kawaida. Hakuna anayekata utepe wa balbu. Ndiyo maana michango mingi ya nyumbani, si yetu peke yetu, hukimbilia kujenga, na baada ya miaka michache kunabaki majengo yasiyo na kitu ndani.

Jambo hili si geni duniani. Tajiri Andrew Carnegie, mzaliwa wa Scotland aliyefanikiwa Marekani, alitoa fedha zilizojenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Hakutoa bila masharti. Kwa kawaida alitaka mji wenyewe utoe kiwanja, na ujifunge kutenga kila mwaka asilimia 10 ya fedha aliyotoa kwa ajili ya kuiendesha maktaba. Mji usioweza kuahidi hivyo haukupata jengo. Kwa kanuni hiyo, tukijenga jengo la shilingi milioni 200, tunatakiwa tuwe na shilingi milioni 20 kila mwaka za kuliendesha. Tujiulize leo kama tunazo. Kama hatuna za kuendesha dogo, tutazipata wapi za kuendesha kubwa?

Tulikotoka

Vijana wetu huenda hawajui kwamba maktaba za umma ni sehemu ya historia ya nchi hii tangu uhuru. Sheria iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu hapa Dar es Salaam, jengo lile la Barabara ya Bibi Titi Mohamed ambalo baadhi yetu tulilitumia tulipokuwa wanafunzi. Kutoka hapo huduma ilitawanyika mikoani na wilayani. Ziliwahi kuwapo huduma za kutuma vitabu kwa posta na magari ya kupeleka vitabu shuleni na vijijini.

Mwaka 1970 Mwalimu aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu wengi walioko hapa, hasa mama zetu, walijifunza kusoma kwenye madarasa ya kisomo ya miaka ile. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967, wakashuka hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Baadaye hali ilirudi nyuma. Sababu ni nyingi, ila moja tuliiona wenyewe vijijini kwetu: mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, husahau. Kusoma ni kama jembe. Lisipolimiwa hushika kutu.

Huduma ni nini hasa?

Tuseme mlango uko wazi mpaka saa mbili usiku, na Jumamosi mpaka saa kumi alasiri. Nani anaingia, na anapata nini?

Anaingia mwanafunzi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo vitabu vingi vya kiada vilivyoko kwenye rafu zetu vinapitwa na wakati. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao inayoweka vitabu vya kiada kwa ajili ya wanafunzi na walimu. Kompyuta nne na intaneti ya uhakika zinamfikisha huko. Meza, taa na ukimya vinafanya kazi iliyobaki. Wengi wa watoto wetu kule nyumbani wanasoma kwa mwanga wa simu ya mzazi, kwenye chumba ambacho wadogo zao wanne wanalala.

Anaingia mtahiniwa wa kujitegemea. Huyu hana shule. Wamo waliokosa alama mara ya kwanza, na wamo mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu kurudi kwenye mfumo rasmi, lakini wapo ambao umri na mtoto mgongoni vinawafanya wachague njia ya kujitegemea. Kwa hawa maktaba ndiyo shule, na mitihani iliyopita na vitabu vya rejea ndio walimu. Binti wa namna hii hawezi kuja saa nne asubuhi. Saa hizo yuko shambani au kwenye genge lake. Anaweza kuja saa kumi na moja jioni, kama mlango uko wazi.

Anaingia kijana aliyemaliza chuo. Maombi ya kazi za serikali yanapitia mtandaoni, kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanapitia mtandaoni. Namba ya mlipakodi inaombwa mtandaoni. Leo kijana wetu analipia kila ukurasa kwenye duka la steshenari, na akikosea analipia tena. Wengine wamekosa mkopo kwa sababu fomu ilikosewa na mtu aliyekuwa na haraka ya mteja wa pili. Msaidizi wa maktaba aliyefundishwa anaweza kukaa na kijana huyo mpaka fomu ikamilike, bila malipo.

Anaingia mkulima. Vitabu vya maktaba hupangwa kwa namba za mfumo wa Dewey, uliobuniwa Marekani mwaka 1876 na unaotumika nchi nyingi. Kilimo kiko kwenye 630. Kahawa ina namba yake, 633.73, na ndizi ina yake, 634.772. Hata sisi wahasibu tuna rafu yetu, 657. Anayetaka kujua kwa nini migomba yake inanyauka, asikute hadithi za miaka hamsini iliyopita. Akute vijitabu vipya vya taasisi zetu za utafiti wa kilimo, kwa Kiswahili, na mara moja kwa mwezi amkute bwana shamba au bibi shamba amekaa pale akijibu maswali. Shughuli kama hiyo haihitaji jengo jipya. Inahitaji mtu wa kuipanga, chai na nauli.

Anaingia mzee. Anakuja kusoma gazeti, na kuna heshima kubwa katika kusoma gazeti la leo kwa macho yako mwenyewe badala ya kusimuliwa. Asiyeona vizuri anapata maandishi makubwa, au anasomewa. Na huyu mzee ana kitu cha kutoa. Tunapendekeza Jumamosi asubuhi iwe saa ya watoto: nusu saa ya ngano kutoka kwa bibi au babu kwa lugha yetu ya nyumbani, kisha nusu saa ya kusoma kitabu kwa Kiswahili. Watoto wetu wa mjini wanaokwenda likizo Desemba nao wakae pale pale na binamu zao.

Mwisho, rafu moja iwe ya kwetu. Vijarida vya Umoja huu, kama hiki mlicho nacho mkononi, hakuna mahali hata pamoja vinapotunzwa vyote. Picha za ujenzi wa shule zetu, kumbukumbu za chama cha ushirika, simulizi za wazee kuhusu majina ya milima na mito: vyote viko kwenye masanduku chini ya vitanda, mchwa wakivisubiri. Mzee akiondoka, watoto wanafagia nyumba. Maktaba ndiyo mahali pa kuvitunza, na kurekodi simulizi leo hakuhitaji zaidi ya simu nzuri na mtu mwenye subira.

Maswali tuliyoulizwa

Tulipopita matawini kueleza pendekezo hili tuliulizwa maswali matatu. Tuyajibu hapa.

La kwanza: "Vijana wana simu, nani atakwenda maktaba?" Simu ni nzuri, nasi hatushindani nayo. Lakini simu inataka bando, inataka chaji, na kioo chake ni kidogo kwa mtu anayesoma sura nzima ya Fizikia. Maktaba yenye intaneti inaipa simu ya kijana maskini nguvu ileile iliyonayo simu ya kijana wa Masaki.

La pili: "Hiyo si kazi ya serikali?" Ni kazi ya serikali, na itabaki hivyo. Jengo ni la umma, mkutubi ni wa umma, na miongozo ya kitaalamu inatoka kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba. Hatuombi kukabidhiwa maktaba. Tunaomba kuongeza saa na vitabu pale ambapo bajeti ya umma imeishia, kwa makubaliano ya maandishi na halmashauri na Bodi. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuboreshwa mwaka 2022, linasema huduma hizi zitolewe kwa watu wote kwa usawa, na kimsingi bila malipo. Kwa hiyo fedha yetu isije ikageuka kuwa kiingilio kwa mtoto wa asiyechangia.

La tatu: "Kwa nini tusikusanye vitabu tulivyonavyo majumbani tukapeleka?" Tunashukuru kwa moyo huo, ila tunaomba tuwe waangalifu. Kitabu cha kompyuta cha mwaka 1998 hakimsaidii mtu, na kukisafirisha ni gharama. Kitabu ambacho hatungempa mtoto wetu asome, tusimpelekee mtoto wa shangazi. Afadhali mkutubi aandike orodha ya vinavyohitajika, nasi tuinunue hiyo, kuanzia vya kiada mpaka riwaya. Mwandishi wetu mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na riwaya yake Paradise imeshatafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mtoto wa kwetu naye aikute kwenye rafu.

Hesabu yenyewe

Tunaomba watu 400 wenye kipato, kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi, au shilingi 24,000,000 kwa mwaka. Tunakadiria itumike hivi kila mwaka:

Msaidizi wa maktaba wa jioni na Jumamosi, pamoja na mchango wa mwajiri NSSF (400,000 kwa mwezi): 4,800,000
Vitabu vipya: 7,200,000
Intaneti na umeme (250,000 kwa mwezi): 3,000,000
Magazeti matatu, siku 300: 900,000
Masanduku ya vitabu yanayozunguka shule kumi za msingi: 3,600,000
Saa ya watoto, siku ya wakulima na kurekodi simulizi: 1,200,000
Matengenezo ya kompyuta na samani: 900,000
Akiba ya dharura, asilimia 10: 2,400,000
Jumla: 24,000,000

Tukikadiria kitabu kimoja kwa shilingi 15,000, fungu la vitabu linatupa vitabu 480 kwa mwaka, sawa na 40 kila mwezi. Kompyuta nne hazimo humo. Kuna wanaumoja wawili walioahidi kuzitoa, na tutazipokea kwa hati. Msaidizi tutampata kwa kushauriana na mkutubi, na tungependa awe kijana wa kwetu aliyepata mafunzo. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kipo Bagamoyo, na kazi hii ina wataalamu wake.

Masanduku yale tunayaombea uangalifu wa pekee. Shule zetu nne za mlimani ziko mbali kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu hawezi kushuka mjini na kurudi siku hiyohiyo. Hata tukifungua mlango mpaka usiku wa manane, yeye hatafika. Sanduku lenye vitabu 50 likikaa shuleni kwake miezi mitatu, kisha likabadilishana na la shule jirani, amepata maktaba pasipo kuteremka mlima.

Fedha italindwaje?

Tutafungua akaunti ya pekee, isiyochanganyika na mfuko wa misiba wala wa sherehe. Kila malipo yatahitaji saini mbili, na mmoja wa watia saini awe anaishi nyumbani, si Dar es Salaam. Ununuzi wa vitabu utafanywa kwa orodha ya mkutubi na risiti za kodi. Kila miezi mitatu taarifa ya ukurasa mmoja itabandikwa kwenye ubao wa maktaba ili hata asiyechanga aione, na kutumwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Taarifa hiyo itaonyesha fedha, lakini pia itaonyesha mambo ambayo fedha ilinunua: saa zilizofunguliwa, vitabu vilivyoazimwa, watoto waliohudhuria, fomu zilizokamilishwa.

Mwishoni mwa mwaka wa tatu tutarudi hapa na daftari hilo. Kama chumba kitakuwa kimejaa mpaka watu wanakaa barazani, tutajua kwamba jengo linahitajika, tutajua ukubwa wake, na tutakuwa na uhakika kwamba tunaweza kuliendesha. Hapo tutakuwa wa kwanza kuunga mkono ujenzi. Na kama hakitajaa, tutakuwa tumejifunza hilo bila kuzika milioni 200 kwenye saruji.

Ombi letu

Tunajua shilingi 5,000 si kitu kwa baadhi yetu, na kwa wengine ni nauli ya siku kadhaa. Jambo gumu si kiasi. Ni kutoa mwezi wa saba, mwezi wa kumi na moja, na mwezi wa ishirini na tisa, wakati shamrashamra za leo zimeshasahaulika na hakuna anayepiga makofi. Kwa hiyo kwenye fomu iliyomo katika kijarida hiki, tunaomba usijaze ahadi kubwa ya leo. Jaza ndogo utakayoiweza kwa miezi 36. Anayetaka kutoa kwa mkupuo tunamkaribisha, na tutaigawa katika miezi hiyo.

Ninyi mlioko nyumbani hatuwaombi fedha. Tunawaomba simulizi zenu, muda wenu wa Jumamosi, na macho yenu kwenye ule ubao wa taarifa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hakutakuwa na jiwe lenye majina yetu. Tunapendekeza badala yake kibao kimoja mlangoni, chenye saa za kufungua na kufunga, na kazi yetu kwa miaka mitatu iwe kuhakikisha kile kibao kinasema kweli.

Tunaomba kutoa hoja.